Wezi wa Mtaa wa Juu

Kwa miaka saba nilishona nguo kwenye baraza la duka lisilo langu, Mwanza mjini, na kama ungeniuliza wakati huo ni nani anayeulinda mtaa ule dhidi ya vibaka, ningekujibu bila haya: mimi. Mimi na fundi mkubwa, kama siku hiyo nimeamka vizuri.

Fundi mkubwa alikuwa mtu wa Ukerewe, umri wa baba yangu, mshonaji wa suruali na makoti. Mimi nilishona magauni, sketi na mapazia. Nyuma yetu kulikuwa na duka la mzee mmoja wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulikuwa ukiuza vitambaa mjini tangu baba yangu hajazaliwa. Mteja alinunua kitambaa ndani, akitoka mlangoni anakutana na futi yangu imening'inia shingoni, na mimi nimeshamkadiria kiuno kabla hajasema neno. Mzee hakututoza chochote. Tulifagia asubuhi, tulimwitia wateja, naye akapata kusema kwamba duka lake lina mafundi. Nilifika pale nikiwa msichana, nikaolewa nikiwa pale, nikanyonyesha watoto wawili nyuma ya cherehani ile. Fundi asiye na baraza huishia kushonea majirani na kulipwa maharage. Hilo nililijua, ndiyo maana baraza lile nililipenda kuliko vyumba viwili tulivyopanga Nyegezi.

Nilipoanza, rafu za mzee zilikuwa na majora matatu ya kitambaa na vumbi. Kisha ikaja biashara huria, duka likajaa mpaka mlangoni: redio za kaseti, feni, magodoro, majagi ya plastiki ya rangi tusizowahi kuziona. Viwanda vya minofu ya sangara vilifunguliwa kando ya ziwa. Wachimbaji wa dhahabu walivuka ziwa kwa kivuko cha Busisi kuja kununua redio kubwa kuliko vifua vyao. Wakulima wa pamba waliingia mjini na familia nzima. Watu wakawa na fedha mifukoni, na penye fedha mifukoni hapakosi vidole.

Vibaka wa mtaa wetu walikuwa watatu, na tuliwajua kama tulivyowajua wateja. Wa kwanza alisimama mbele yako akijifanya ameangusha kitu. Wa pili alingoja pembeni kupokea na kukimbia. Wa katikati ndiye aliyekuwa na vidole. Huyu alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini, mrefu, mpole wa uso, siku zote shati la mistari ya bluu na suruali ile ile ya kijivu. Bila yeye wale wawili hawakuweza kuchomoa hata leso.

Utadhani tulipowaona tulipiga kelele za mwizi. Hatukupiga. Fundi mkubwa aliwahi kushuhudia sokoni mtu aliyeitiwa mwizi akipigwa mawe mpaka akaacha kutikisika, na baadaye ikajulikana kwamba hakuwa yeye. Tangu hapo aliapa kwamba neno lile halitatoka kinywani mwake, na atakayekaa naye baraza moja ajifunze hivyo hivyo. Badala yake tulinyamaza. Cherehani zetu zilikuwa za kukanyaga kwa miguu, na zikienda zote mbili kwa pamoja zilijaza mtaa kelele. Tukimwona yule wa shati la mistari anamsogelea mtu, fundi mkubwa anaondoa mguu kwenye kanyagio, nami naondoa wangu. Mtaa unakuwa kimya ghafla. Wenyeji walijua maana yake, wakashika mifuko yao. Mgeni, hata asipojua, hugeuka kutazama kulikoni. Vibaka nao hutazamana, hucheka kidogo, wakateremka zao kichochoroni.

Hatukumpiga mtu. Hatukumtukana hata mmoja. Nililionea fahari jambo hilo mno, na nyumbani nilimsimulia mume wangu mpaka ikawa nikifika kwenye kanyagio yeye ameshaanza kusinzia.

Basi mwaka mmoja mzee akaenda Dubai kufuata bidhaa, akarudi na kamera.

Ilikuwa kisanduku cha rangi ya majivu chenye jicho moja. Kilifungwa juu ya mlango kikitazama barabara, na waya wake ukaingia ndani mpaka kwenye televisheni ndogo iliyowekwa juu ya kaunta. Mzee alituita tukaone. Hapa mlango, akasema, hapa barabara, na hawa hapa ni nyinyi. Nikajiona nikiwa kisogo na mabega tu, mdogo kama kisahani cha chai. Kuanzia siku hiyo fundi mkubwa alivaa koti kazini, bila kujali joto.

Kwa watu wa Mwanza wa wakati ule kamera ilikuwa na kazi moja tu. Unavaa vizuri, unasimama, unapigwa picha, unarudi baada ya siku kadhaa kuichukua. Habari ilipoenea kwamba mzee ameweka kamera inayopiga kutwa nzima bila malipo, watu wakaja. Wakaja na nguo za Jumapili. Mama mmoja alitoka Magu na watoto watano waliopakwa mafuta mpaka wanang'aa, akawapanga kwa urefu chini ya lile jicho, akawaonya wasipepese macho. Msafara mzima wa harusi ulisimama barabarani, bwana harusi akashuka na bibi harusi, wakasimama wameshikana mikono wakitazama juu ya mlango wa duka kama wanaosubiri mvua. Wakishamaliza, wanaingia ndani na kuuliza picha zitakuwa tayari lini. Mwanzoni mzee alieleza kwa upole, kisha akaeleza kwa ukali, mwisho akawa anajibu tu, "Jumanne." Ilipofika Jumanne akafunga duka.

Sisi mafundi hatukulalamika. Mtu akijitazama kabla ya kupigwa picha ndipo anapogundua upindo umefumuka, na sisi tupo.

Vibaka nao walikuja kuiona kamera, ila wao hawakuvaa nguo za Jumapili. Walisimama ng'ambo ya barabara siku mbili tatu, wakiiangalia na kusemezana. Yule wa shati la mistari alipita chini yake mara moja, akainua uso, akaiangalia sawasawa. Hakurudi tena. Baada ya wiki chache mtaa wetu, mtaa wa juu, ulikuwa umetulia kabisa, na mimi nilishona kutwa nzima bila kuondoa mguu kwenye kanyagio.

Ungesema nifurahi. Nilifurahi kwa siku nne. Siku ya tano mzee alitoka barazani na kikombe chake cha chai ya tangawizi.

"Binti yangu," akasema, "mmenisaidia sana, Mungu awalipe. Lakini sasa jicho ninalo. Na hizi cherehani zinaliziba. Nataka kupanga magodoro hapa nje."

"Mzee, magodoro hayaoni mwizi."

"Kamera itaona. Magodoro yatauzwa."

Fundi mkubwa alivua koti lake, akalikunja, akashukuru kwa adabu kama mtu aliyekaribishwa chakula. Mimi sikuwa na adabu hiyo. Nililia pale pale, mbele ya mteja niliyekuwa nampima, machozi yakaingia kwenye kitambaa chake cha krimplini. Nilimchukia mzee. Nilimwomba Mungu kamera ile idondoke, tena idondoke wakati yeye amesimama chini yake. Nasema ukweli, maana najua wengi tunaombaga hivyo halafu tunasema tulisamehe.

Mtaa wa chini uko nyuma ya ule wa juu. Unateremka kuelekea ziwani katikati ya mawe makubwa, na kichochoro kimoja ndicho kinachoiunganisha mitaa hiyo miwili. Hapakuwa na maduka ya maana, palikuwa na wanawake wa nyanya, wa ndizi, wa dagaa, na wabeba mizigo waliopita kutoka mwaloni, zinakotia nanga mitumbwi ya samaki. Mama mmoja muuza dagaa alitusogezea nafasi chini ya bati lake. Kila nilichoshona pale kilinuka dagaa. Bibi harusi wangu wa kwanza wa mtaa wa chini alinusa gauni lake, akanitazama, nikamwambia afue kwanza ndipo avae.

Na vibaka walikuwa huko. Niliwaona asubuhi ya kwanza, wote watatu. Yule wa shati la mistari alinitikisia kichwa kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

Sasa, kila fundi wa Mwanza anaujua mfuko wa ndani. Ni kipande cha kitambaa cha ukubwa wa kiganja, kinashonwa upande wa ndani wa kiuno cha suruali au sketi, na kina kifungo chake. Mtu akiibiwa leo, kesho anakuja kushonewa. Kule juu, tangu kamera ifike, hakuna aliyeniomba mfuko wa ndani. Huku chini sikupumzika. Alikuja mbeba mizigo, akaja muuza ndizi, akaja mwalimu aliyekuwa amepokea mshahara na kupita njia ya mkato. Kila mmoja nilimuuliza ameibiwa wapi, na wote walinionyesha hapo hapo kwa kidole. Nilivyoendelea kushona ndivyo nilivyoona mambo wazi, na nilivyoona wazi ndivyo hasira ilivyonipanda. Nikajiambia, ushahidi ninao. Nikimthibitishia mzee kwamba kamera yake haijapunguza wizi, ataona aibu na kuniita nirudi barazani.

Nikapanda kichochoro.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kupigwa picha?"

"Nimekuja kukwambia kwamba kamera yako haijapunguza mwizi hata mmoja. Imewahamisha tu. Wote watatu wapo kwetu."

Mzee aliangalia televisheni yake, kisha akaniangalia mimi.

"Kwangu wapo?"

"Hapana."

"Basi imepunguza."

Nilirudi chini nikiongea peke yangu. Nilimkuta mama wa dagaa anapepeta, nikamwaga yote: mzee ni mbinafsi, mzee amewaletea wezi wake akina mama maskini, mzee anadhani mji unaishia kwenye ngazi za duka lake. Mama aliendelea kupepeta mpaka nilipoishiwa pumzi.

"Mwanangu," akasema, "wewe umehamia huku lini?"

"Mwezi wa tatu huu."

"Mimi nina mwaka wa tisa. Hawa unaowaita wezi wa mzee, sisi huku tulikuwa tukiwaita wezi wa mafundi."

Sikumwelewa. Akaweka ungo chini, akashika pembe ya khanga yake, akanionyesha fundo ambamo alitunza fedha zake.

"Mlikuwa mkinyamaza kule juu," akasema, "na sisi huku tunafunga mafundo. Kelele za cherehani zikikatika tunajua wanateremka. Wa nyanya anafunga, wa ndizi anafunga, mimi nafunga. Kimya chenu kilitusaidia, siwezi kusema hakikutusaidia. Lakini miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wenu aliyeshuka kuuliza wamekwenda wapi."

Nilitaka kubisha, kwa sababu kubisha ndicho kipaji changu cha pili baada ya kushona. Fundi mkubwa alikuwa amesikia yote. Aliinamia suruali yake akachomeka uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata siku niliyokata kitambaa cha mtu kimakosa. Nilikuwa nimejisifu kwa mume wangu, kwa wateja, hata kanisani siku moja nilipoombwa ushuhuda, na kumbe wale niliowafukuza walikuwa wanakwenda kumchomolea mama huyu aliyenipa nafasi chini ya bati lake.

Wanawake wa mtaa wa chini hawakuwa wamekaa wakisubiri kuokolewa. Walikuwa na dawa yao. Sisi Wasukuma tunapenda salamu, na salamu yetu si ya kupita njia. Utaulizwa umeamkaje, wewe ni wa nani, mama yako ametokea wapi, ng'ombe wanaendeleaje, hata kama huna kuku. Yule wa shati la mistari akitokeza tu kwenye kichochoro, mama wa dagaa anaanza kwa sauti ya kuitia mifugo:

"Mwangaluka, baba!"

Na mtu, awe mwizi awe askofu, akisalimiwa na mama wa umri ule lazima aitikie. Anaitikia. Wa nyanya anapokea: mama hajambo? Hajambo. Wa ndizi: na yule dada yako aliyekuwa mgonjwa? Mpaka afike kwenye watu ameshasalimiwa mara kumi na tano, kila mpita njia amegeuka kumwangalia huyu kijana anayejulikana hivi, na vidole vyake vimechoka kupokea mikono ya akina mama. Walishajua anatoka Buswelu. Walishajua mama yake ana shamba la viazi na mguu mbaya. Ni kazi ngumu kumchomolea mtu huku unaulizwa mguu wa mama unaendeleaje.

Nilijiunga nao. Nilisalimia kwa bidii kuliko wote, kama muumini mpya. Na haikumaliza wizi. Siku za msongamano bado mgeni mmoja mmoja aliibiwa. Lakini maombi ya mifuko ya ndani yalipungua mtaani kwetu, nikaanza kujisifu tena kidogo kidogo, mpaka siku moja akaja mteja nisiyemjua anataka mfuko wa ndani. Nikamuuliza ameibiwa wapi.

"Stendi," akasema. "Siku hizi stendi hapafai."

Nilimshonea mfuko wake. Sikwenda stendi kuuliza, nakiri.

Karibu mwaka ukapita. Nilikuwa bado namshonea mke wa mzee, maana ugomvi ni ugomvi na kazi ni kazi, hivyo siku moja mchana nikampelekea gauni lake dukani. Mzee alikuwa peke yake. Televisheni juu ya kaunta ilikuwa nyeusi.

"Mgao?" nikauliza. Siku hizo umeme ulikatika kama tunavyopumua.

Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu. Mzee aliona kwamba nimeiona. Akaenda mlangoni, akachungulia nje, akarudi.

"Kamera imekufa," akasema kwa sauti ya chini. "Umeme ulirudi kwa nguvu ukaiunguza. Fundi wa redio ameifungua, ameifunga, haitaki."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Nikahesabu miezi kichwani. Miezi yote hiyo vibaka walikuwa wakiliogopa jicho lisiloona. Nilitaka kucheka, lakini uso wa mzee ulikuwa wa mtu mzima mwenye hofu, nikameza kicheko.

"Usimwambie mtu," akasema. "Wakijua watarudi. Sikiliza. Rudi barazani, wewe na fundi mkubwa. Magodoro nitayaingiza ndani. Ila iwe leo. Kuna watu wa majokofu wanaitaka nafasi ile, nimewaambia kesho nitawapa jibu. Ukija na cherehani kabla sijafunga duka, pahali ni pako, na sitakuondoa tena. Usipokuja, nitajua umekataa."

Niliteremka kichochoro nikiwa karibu kukimbia. Moyo ulikuwa unaimba. Nilikuwa nimeshapanga cherehani ikae upande gani, kioo cha wateja nikining'inize wapi, gauni la harusi litakalonukia gauni. Nilimwambia fundi mkubwa, naye hakuuliza swali. Alianza kufungua skrubu za kichwa cha cherehani yake ili aibebe.

Ndipo akaja yule wa shati la mistari.

Ilikuwa saa nane mchana. Alikuja polepole, mkono mmoja nyuma, na akina mama walipomwona anavyotembea wakaanza kucheka kabla ya kusalimia. Alikuwa ameruka kutoka kwenye jiwe, suruali ya kijivu ikapasuka nyuma toka kiunoni mpaka mapajani. Hakuwa na nyingine. Alimwamkia fundi mkubwa shikamoo, akamwomba amshonee. Fundi mkubwa akamwonyesha cherehani iliyokwisha kufunguliwa.

"Dada basi," akanigeukia.

"Mimi nashona magauni."

"Dada, nitarudije Buswelu hivi?"

Nikampa khanga yangu. Alienda nyuma ya jiwe, akarudi amejifunga kiunoni kama mama anayetoka kisimani, suruali mkononi. Akaketi kwenye benchi la wateja. Mama wa dagaa akamsalimia, "Mwangaluka, wifi!" na mtaa wote ukaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka akifunika uso. Wenzake wawili walitokeza kichochoroni wakimtafuta, wakamwona alivyovaa, wakarudi walikotoka.

Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Mshono mmoja wa nyuma, kurudia mara mbili, basi. Nilikuwa nimeshaweka kitambaa chini ya sindano aliponisogelea kwenye benchi na kusema kwa sauti ndogo:

"Dada, ile ya mzee inaona kweli? Wenzangu wanasema imekufa."

Sikuinua uso. Nilijua kwamba nikisema haioni, kesho watatu hawa watakuwa mtaa wa juu. Mama wa dagaa atapumua. Mimi nitakuwa barazani, mguu kwenye kanyagio, tayari kunyamaza na kuwateremsha tena huku.

"Inaona," nikasema. "Inaona mpaka viraka."

Akapumua kama mtu aliyetua mzigo mahali pasipo pake.

"Kule siwezi, nitaonekana kwenye televisheni," akasema. "Huku siwezi, nasalimiwa mpaka koo linauma. Juzi bibi mmoja amenipa viazi nimpelekee mama. Stendi kuna wenyewe, na wana visu. Sasa dada, niende wapi?"

Hakuwa ananitania. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia. Nami ndiye niliyemfukuza miaka saba, bila kelele, kwa adabu, na swali hilo sikuwahi kujiuliza hata mara moja kwa niaba yake.

Fundi mkubwa alikuwa amesimama, kichwa cha cherehani begani.

"Twende, binti. Mzee atafunga."

"Nina suruali ya mteja," nikasema.

Alimtazama mteja wangu, akaitazama khanga, akanitazama mimi. Sijui alielewa kiasi gani. Akasema tu, "Haya," akapanda kichochoro peke yake.

Nikaufumua mshono niliokuwa nimeuanza. Nikaufumua na ule wa zamani wote, kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Yule kijana akauliza kama kuna tatizo, nikamwambia kitambaa kimechoka, kinataka subira. Nikashona kwa mkono. Nikaangalia upindo wa mguu wa kulia, sikuupenda, nikaufumua. Mama wa nyanya alimletea kikombe cha uji, naye akanywa akimweleza habari za mguu wa mama yake, na safari hii ni yeye aliyeanza kueleza kabla ya kuulizwa. Nikamshonea na mfuko wa ndani, wenye kifungo. Akauliza wa nini. Nikamwambia mjini kuna wezi, akacheka mpaka uji ukamwagika kwenye khanga yangu.

Kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja jioni, mwenye vidole akiwa kwenye benchi langu bila suruali, hakuna mtu aliyeibiwa mtaa wa juu, wala mtaa wa chini, na nadhani hata stendi. Nilipowasikia watu wa mzee wakiburuta milango ya chuma kufunga duka, nilikuwa bado kwenye upindo wa mguu wa kushoto, na sikuwa na haraka.